Msichana wa Shimizi na Mita 800

Hotuba ya mwalimu mstaafu wa michezo kwa wazazi, walimu na wanafunzi, siku ya michezo ya shule ya upili ya wasichana, Bonde la Ufa

Mwalimu mkuu, wanabodi, wazazi wenzangu, walimu, na ninyi wanangu mlioketi nyasini hapo mbele, hamjambo? Nimeomba nisimame huku chini badala ya jukwaani, kwa sababu wasichana wako huku na leo nimekuja kuzungumza nao, ninyi wazazi mkiwa mnasikia.

Nilifundisha michezo kwa miaka 36 hadi nikastaafu. Nilipoalikwa nizungumzie wanawake waliotutangulia katika riadha, nilijua mnatazamia nianze na wale mnaowaona kwenye runinga. Nitafika kwao. Kwanza nataka tuzungumze juu ya shimizi.

Shimizi, wanangu, ni vazi jepesi la ndani ambalo bibi zenu walivaa chini ya rinda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, msichana wa huku huku kwetu Bonde la Ufa, Sabina Chebichi, aliingia mashindanoni miguu mitupu, na kwa kuwa hakuwa na nguo ya michezo, alikimbia na shimizi. Akawaacha waliokuwa na viatu. Waandishi wa magazeti wakampa jina la utani, binti mfalme wa shimizi, na jina hilo likamganda hadi leo. Mapema mwaka 1974 alipelekwa Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Akiwa bado msichana mdogo, akarudi na medali ya shaba ya mita 800. Hakuna mwanamke wa Kenya aliyekuwa amewahi kupata medali katika michezo hiyo kabla yake.

Basi mngedhani safari ndiyo imeanza. Ilikuwa imekaribia kwisha. Alishika mimba akiwa bado binti mdogo, na mbio zake zikaishia hapo. Hakuumia mguu wala hakushindwa na mtu uwanjani. Hakukuwa na mtu aliyekaa naye chini akamwambia: jifungue salama, mtoto atalelewa, wewe rudi tukufundishe. Wakati ule neno kama hilo halikuwepo vinywani mwa watu. Msichana akizaa, amekuwa mama, na mama yuko jikoni.

Nimeanza na Sabina kwa sababu watu wanapozungumzia vikwazo vya wanawake michezoni, hutaja viatu, viwanja na umaskini. Hivyo vipo, na nitavitaja. Lakini kamba hukatikia pembamba, na kwa msichana mwanariadha pembamba ni kati ya miaka 14 na 20. Hapo ndipo nyumba inapomdai. Hapo ndipo mwili wake unabadilika na kila mtu, baba, mjomba, jirani, mwalimu, anaanza kuona kwamba mwili huo una kazi nyingine.

Sasa tusogee nyuma kidogo. Mwaka 1968, Olimpiki zilifanyika Mexico City. Mmesikia habari zake, maana ndizo tunazosimulia tukitaka kujisifu: Kipchoge Keino na mita 1500, Naftali Temu na mita 10,000, Amos Biwott na kuruka viunzi na maji. Dhahabu tatu. Tusichosimulia ni kwamba katika timu ile walikuwamo wasichana watatu, wanawake wa kwanza wa Kenya kushiriki Olimpiki: Tekla Chemabwai, Lydia Stephens na Elizabeth Chesire. Niwaulize, wasichana: kama mmoja wao angekuwa na pumzi ya Keino, angekimbia mbio gani kule Mexico? Mita 1500 za wanawake hazikuwepo. Mita 5,000 hazikuwepo. Viunzi na maji, hazikuwepo. Mbio ndefu kuliko zote kwa mwanamke zilikuwa mita 800, mizunguko miwili, basi.

Na hata hizo 800 zilikuwa na kisa chake. Mwaka 1928 kule Amsterdam wanawake walikimbia mita 800 Olimpiki kwa mara ya kwanza. Mwishoni wengine walikuwa wamechoka, kama anavyochoka mtu yeyote aliyekimbia kwa nguvu zake zote. Magazeti yakaandika kana kwamba walikuwa wanakufa pale uwanjani. Wakubwa wa michezo wakakaa kikao, wakaamua mwili wa mwanamke hauwezi umbali huo, wakazifuta. Zilirudi mwaka 1960 kule Rome. Miaka 32! Wanawake waliokuwa wakibeba maji kutoka mtoni na kuni kutoka msituni, mtoto mgongoni na mwingine tumboni, waliambiwa mita 800 zitawaua.

Mbio nyingine ziliongezwa moja moja, kama mtu anayetoa sukari kwa kijiko. Mita 1500 mwaka 1972. Mita 3,000 na marathoni mwaka 1984. Mita 10,000 mwaka 1988. Mita 5,000 mwaka 1996. Kuruka viunzi na maji, mbio ambazo wanaume wa Kenya walikuwa wakizishinda tangu 1968, wanawake waliruhusiwa Olimpiki mwaka 2008. Mtu akikwambia wanawake wetu walichelewa kung'aa, mwulize walichelewa wapi. Walikuwa mlangoni, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Juu ya hayo, Kenya haikwenda Olimpiki za 1976 wala za 1980 kwa sababu za siasa za dunia. Mwanariadha ana miaka michache tu ya kuiva. Tekla Chemabwai alikuwa na miguu ya medali; mwaka 1978 kule Edmonton, Kanada, alichukua fedha ya mita 800 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Olimpiki mbili zilimpita akiwa nyumbani. Ruth Waithera alipata bahati ya kwenda Los Angeles mwaka 1984 na akaingia fainali ya mita 400. Nilikuwa na miaka 21. Nakumbuka tulivyoinamia redio kwa jirani, wasichana watupu, na hakuna aliyetaka kupumua.

Asubuhi ya leo nilipita kwenye darasa mnalobadilishia nguo. Nikamkuta msichana akimfunga mwenzake leso kifuani. Aliikunja mara tatu kwa urefu, akaizungusha, akaegemeza goti mgongoni mwa mwenzake akaivuta hadi yule wa mbele akaguna. Kisha akachomeka pini mbili chini ya kwapa, ncha zikitazama nje, zisije zikamchoma akipiga mikono. Nilisimama mlangoni nikashindwa kusema neno. Mimi nilifungwa leso namna ile ile mwaka 1979, na pini zilikuwa mbili, na ncha zilitazama nje.

Mwaka huo wa 1979 nilikuwa nimefuzu kwenda mashindano ya mkoa, mita 800. Shule yetu, ambayo sitaitaja, ilikuwa na basi dogo moja. Wavulana walipanda kwanza. Nafasi zikajaa. Mwalimu akatuangalia sisi wasichana wanne tuliokuwa tumesimama na vifurushi vyetu vya ugali baridi, akasema, "Ninyi mtaenda mwakani." Mwakani mmoja alikuwa ameolewa, mwingine alikuwa Nairobi akilea watoto wa shangazi yake. Nilibaki mimi na mwenzangu mmoja, na goti langu lilikuwa limeharibika. Sikuwahi kujua ningekimbia kwa muda gani siku ile. Ndiyo sababu nikawa mwalimu wa michezo.

Lakini sikuja hapa kuwalaumu wengine tu. Mwaka 1993, nikiwa mwalimu, nilikuwa na msichana wa kidato cha tatu. Alikuwa mwembamba kama fimbo, na mzunguko wa pili alikuwa akiukimbia kwa kasi kuliko wa kwanza. Sijawahi kufundisha mwingine kama yeye. Muhula wa pili ikajulikana ana mimba. Sikumsubiri hata aje aniambie. Nilifungua daftari la timu, nikachukua kalamu nyekundu, nikapiga mstari juu ya jina lake, nikaandika jina la mwingine pembeni. Nilidhani nafanya kazi yangu. Nilifanya kwa mkono wangu mwenyewe kile kile nilichokuwa nikiwalaumu wengine kwacho.

Mwaka uliofuata, 1994, serikali ya Kenya ikaweka sera ya kumruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni. Sera ilikuja, nami sikwenda kumtafuta. Hilo nalibeba.

Mwaka huo huo wa 1994, mwezi wa Novemba, Tegla Loroupe alishinda marathoni ya New York. Mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kufanya hivyo. Tegla alitoka Pokot Magharibi, katika boma la baba mwenye wake kadhaa na watoto zaidi ya 20. Shule ilikuwa kilomita kumi kutoka nyumbani, na yeye alizikimbia. Baba yake aliona mbio si kazi ya msichana. Alipoanza kushinda, wakubwa wa riadha nao wakamwona mdogo mno, hana kimo, hana mwili. Mwili huo huo uliivunja rekodi ya dunia ya marathoni mara mbili, mwaka 1998 kule Rotterdam na mwaka 1999 kule Berlin, kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 43. Na mwaka 2000 kule Sydney, baada ya kuugua tumbo kwa chakula usiku wa kuamkia marathoni, alimaliza mbio zile wa 13, kisha siku chache baadaye akaingia tena uwanjani akakimbia fainali ya mita 10,000 akawa wa tano. Mimi husimulia hiyo nafasi ya tano zaidi ya ushindi wa New York. Msichana akiniambia leo hajisikii vizuri, humpa kisa hicho, kisha humpa ruhusa ya kupumzika, maana si kila mtu ni Tegla na tumbo ni tumbo.

Mnajua kambi za mazoezi, kule Iten, Kaptagat na kwingineko. Zamani msichana akiingia kambini, alikimbia asubuhi na wanaume, na wao wakilala kupumzisha miguu, yeye aliosha masufuria na kufua. Lornah Kiplagat aliyapitia hayo, na alipopata pesa zake za mbio alijenga kambi Iten akiwafikiria kwanza wasichana, mahali ambapo mwanamke naye anaruhusiwa kulala mchana. Pengine mzazi ataona ni jambo dogo. Muulizeni kocha yeyote: mwili hujengeka ukiwa umelala. Umnyime mtu usingizi wa mchana kwa miaka mitano, umemnyima medali.

Susan Sirma akapata shaba ya mita 3,000 kwenye mashindano ya dunia ya 1991 kule Tokyo. Sally Barsosio akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kuwa bingwa wa dunia uwanjani, mita 10,000, Athens 1997. Na kati yao yupo Pauline Konga. Mwaka 1996 kule Atlanta mita 5,000 za wanawake zilikimbiwa Olimpiki kwa mara ya kwanza, na yeye akatoka wa pili nyuma ya Wang Junxia wa China. Ile ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa mwanamke wa Kenya, miaka 28 baada ya wale watatu wa Mexico. Katika Olimpiki hizo hizo mumewe, Paul Bitok, alichukua fedha ya mita 5,000 za wanaume. Nyumba moja, fedha mbili, umbali mmoja. Kina baba mlioko hapa, nawaomba mlitazame hilo vizuri. Mume aliyejua uchungu wa mizunguko kumi na mbili na nusu alijua kwa nini mkewe hawezi kuamka usiku kupika.

Dhahabu ya Olimpiki ilisubiri hadi Agosti 2008, Beijing. Pamela Jelimo, miaka 18, mita 800, dakika 1 na sekunde 54.87. Mita 800 zile zile walizofuta wakubwa wa 1928, zile zile za Sabina na shimizi lake. Siku chache baadaye Nancy Jebet Langat akaongeza dhahabu ya mita 1500. Nilikuwa chumba cha walimu. Tulipiga vigelegele hadi mwalimu wa hesabu akaja mbio akidhani kuna moto.

Sasa niwafikishe kwa yule mliyekuwa mkimngojea. Faith Kipyegon alizaliwa Januari 1994, mwaka ule ule wa sera niliyoitaja. Alishinda dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki za Rio 2016. Mwaka 2018 akajifungua binti. Alirudi mazoezini mwili ukiwa mzito, akiwa mama, na mwaka 2019 kule Doha akachukua fedha ya dunia. Tokyo, dhahabu. Mwaka 2023, katika majira yale yale ya kiangazi, rekodi tatu za dunia: mita 1500, mita 5,000 na maili moja. Paris 2024, dhahabu tena, ya tatu mfululizo katika mita 1500, jambo ambalo hakuna mwanadamu, mwanamume wala mwanamke, aliyekuwa amelifanya katika umbali ule.

Sabina na Faith, jambo lililowapata ni lile lile: mimba. Mmoja alikuwa binti mdogo asiye na mtu. Mwingine alikuwa mtu mzima mwenye mume, Timothy Kitum, ambaye naye alipata shaba ya mita 800 Olimpiki ya London, na kocha aliyemngojea, na watu wa kumshikia mtoto. Tofauti iko hapo. Haiko tumboni. Kila nikimwona Faith akimaliza mzunguko wa mwisho, namfikiria msichana wangu wa 1993, na najiuliza nilifuta nini kwa ile kalamu.

Wazazi, liko jambo jingine na sitalipitia haraka. Septemba 2021, Agnes Tirop alikimbia kilomita kumi kule Ujerumani kwa dakika 30 na sekunde 1, rekodi ya dunia ya mbio za wanawake peke yao. Mwezi mmoja baadaye aliuawa nyumbani kwake Iten. Alikuwa na miaka 25. Septemba 2024, Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa kule Trans Nzoia, akafia hospitalini Eldoret. Wenzake Agnes wameunda kikundi, Tirop's Angels, cha kuwasaidia wanariadha wanaopigwa na kutishwa majumbani. Wanawake hawa walikuwa wameshavuka kila kikwazo nilichokitaja. Walikuwa na viatu, makocha na pasipoti zilizojaa mihuri.

Nimewaona kwa macho yangu wanaume wanaokuja viwanjani kutazama wasichana wa kidato cha pili. Msichana akianza kushinda pesa, mwanamume huyo anakuwa kocha, wakala na mume kwa pamoja. Ploti inaandikwa jina lake. Kadi ya benki iko mfukoni mwake. Na mzazi anafurahi, anasema binti yangu amepata mtu wa kumwongoza. Baba, mama, mkimwona mtu huyo, muulizeni alimfundisha nani kabla ya binti yenu. Na hati ya shamba ikija, itazameni wenyewe ina jina la nani. Binti akija usiku na begi akasema hataki kurudi kule, mfungulieni. Msimwambie avumilie.

Nina maombi kwa shule na kwenu, na nimekwisha kuyazungumza na mwalimu mkuu. Siku za Jumanne na Alhamisi wasichana wa timu wabaki mazoezini hadi saa kumi na mbili jioni, na wakifika nyumbani wakute maji yameshachotwa na ndugu zao wa kiume. Nilipokuwa kazini nilikuwa nikiweka alama kwa kila aliyechelewa mazoezi, na nikiuliza sababu, jibu lilikuwa moja: maji, ng'ombe, mtoto mdogo. Wavulana nao walichelewa, lakini hakuna aliyewahi kuniambia ng'ombe.

La pili ni zile pini. Nimeleta sidiria za michezo 15, za saizi mbalimbali, ziko kwenye sanduku ofisini pamoja na sodo. Hazitoshi. Chama cha wazazi kikitenga kiasi kidogo kila muhula, hakuna msichana wa shule hii atakayefungwa leso tena.

Na la tatu ni la daftari. Mwalimu wa michezo amekubali kwamba msichana akipumzishwa kwa sababu ya kujifungua, jina lake litabaki pale pale lilipo, na pembeni iandikwe tarehe anayotarajiwa kurudi. Ikifika tarehe hajaonekana, mwalimu aende kwao. Nimejitolea kwenda naye. Bodaboda nitalipa mimi.

Mwanzishaji mbio ananipungia kitambaa, naona nimemlia dakika zake. Fainali ya mita 800 ilikuwa ianze saa nane kamili. Wasichana wanane wa fainali, vueni sweta, nendeni mkapashe miguu joto. Na ninyi wazazi mlioketi kwenye kona ile ya mwisho, tafadhali rudisheni viti nyuma ya mstari wa chokaa, watakuja kwa kasi.